Besi ya mashoto iliyosogezwa tarehe mara tatu: uchambuzi wa kisa

Mwanamuziki mmoja, mpiga besi na mashoto tangu utoto, aliagiza gitaa la besi la nyuzi tano mwezi Februari 2021. Duka lilikuwa la mtandaoni na lina jina zuri. Ukurasa wa bidhaa haukumficha kitu: stoo hakuna, oda zinapokelewa, mzigo unatarajiwa ndani ya wiki nane. Akalipa bei yote kwa kadi, akakaa kusubiri. Aliponitumia barua pepe zake zote nizisome ilikuwa Septemba. Gitaa halijafika, tarehe imesogezwa mara tatu, na yeye ana swali moja tu: nisubiri mpaka lini?

Jina lake nalihifadhi, la duka vilevile. Jibu nililompa halikuwa idadi ya miezi. Nilimwambia kuna gitaa ambalo mtu anaweza kulisubiri mwaka mzima na akalala usingizi, na kuna lingine ambalo hata wiki mbili ni nyingi. Kinachotofautisha ni kama gitaa hilo lipo mahali fulani duniani, hata likiwa bado ubao uliokatwa, au lipo kwenye katalogi tu. Kazi iliyofuata yote ilikuwa kujua lake liko upande gani.

Kwa nini asichukue lingine

Swali la kwanza ambalo watu humuuliza ni hilo, na wanaouliza huwa wanapiga kwa mkono wa kulia. Gitaa la mashoto limegeuzwa lote kama linavyoonekana kwenye kioo. Mwili umekatwa kinyume, kichwa cha shingo kimechongwa kinyume, na vidoti vya pembeni mwa shingo, vile ambavyo mpigaji huvitazama kutoka juu, vimewekwa ukingo wa pili. Kile kipande cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi mwanzoni mwa shingo kina mifereji ya upana tofauti, na mpangilio wake nao umebadilishwa. Hata poteshomita, vile vizungusho vya sauti na toni, zinatakiwa ziwe za kinyume. Kiwanda kikifanya uvivu kikaweka za kawaida, unazungusha kuongeza sauti kumbe unapunguza, au sauti yote inajazana kwenye sehemu ndogo tu ya mzunguko.

Mashoto wamejitafutia njia siku zote. Jimi Hendrix alizipindua Stratocaster za mkono wa kulia akabadili nyuzi. Albert King alipindua gitaa na hakubadili chochote, nyuzi nene zikabaki chini na nyembamba juu, na akapiga hivyohivyo. Paul McCartney, akiwa Hamburg mwaka 1961, alivutiwa na besi ya Höfner yenye umbo la fidla kwa sababu mojawapo kwamba umbo hilo linalingana pande zote mbili, kwa hiyo halionekani kichekesho mikononi mwa mashoto.

Mhusika wetu naye alikuwa na besi yake ya kupindua, ya nyuzi nne. Niliiona. Kishikio cha mkanda kimehamishiwa pembe ambayo awali ilikuwa ya chini, tundu la zamani limezibwa kwa kijiti na gundi. Vizungusho vya sauti na toni viko juu, chini ya mkono wake wa kupigia, kwa hiyo akichangamka katikati ya wimbo kiwiko kinapunguza sauti bila yeye kutaka, na amevibandika utepe wa gundi visiende popote. Upande uliokatwa ili vidole vifike freti za mwisho, vile vyuma vinavyogawa shingo, sasa uko juu, ambako haumsaidii. Akitaka noti za juu anapindisha kifundo cha mkono mpaka unamhurumia. Lakini inalia vizuri, na amefanyia kazi miaka.

Alichokosa ni nyuzi ya tano. Nyuzi ya chini kabisa ya besi ya kawaida, E, inatetema takriban mara 41 kwa sekunde. B iliyo chini yake, ile inayoongezwa kwenye besi ya nyuzi tano, iko karibu na 31. Kundi lake lilikuwa na miadi ya studio mwishoni mwa Novemba, na nyimbo kadhaa zilikuwa zimetungwa zikiteremka mpaka huko. Miadi hiyo ndiyo iliyolipa swali lake uzito. Mtu anayesubiri gitaa la kujifurahisha jioni anaweza kuvumilia mengi ambayo mtu mwenye siku ya studio hawezi.

Barua tatu

Nizinukuu kwa ufupi, maana dalili zote zimo humo.

Ya Aprili: "Ndugu mteja, kutokana na kuziba kwa Mfereji wa Suez, mzigo umechelewa. Tarehe mpya ya kufika ni 30 Juni."

Ya Juni: "Ndugu mteja, uhaba wa chipu duniani umeathiri uzalishaji. Tarehe mpya ni 30 Septemba."

Ya Septemba: "Ndugu mteja, mahitaji ya ala za muziki yameongezeka kuliko ilivyotarajiwa. Tarehe mpya ni 31 Desemba. Tunashukuru kwa uvumilivu wako."

Ukizisoma moja moja, kila barua inaaminika. Meli ya Ever Given ilikwama Suez tarehe 23 Machi 2021 na ikanasuliwa tarehe 29, na mamia ya meli zikabaki kwenye foleni pande zote mbili. Uhaba wa chipu ulikuwepo kweli. Mahitaji nayo yalipanda kweli: watu walijifungia majumbani wakakumbuka magitaa, na kampuni ya Fender ilitangaza kwamba 2020 ulikuwa mwaka wake wa mauzo makubwa kuliko yote. Kwa hiyo kuhusu dunia duka halikusema uongo. Shida yangu na barua hizi ni kwamba zote zinaeleza hali ya dunia, na hakuna hata moja inayoeleza besi yake.

Chukua ile ya kwanza. Inasema mzigo umechelewa kwa sababu ya mfereji, yaani mzigo ulikuwa baharini. Kitu kilicho baharini kiko ndani ya kontena, kontena lina namba, na limo ndani ya meli yenye jina. Mfereji ulizibwa siku sita. Ongeza msongamano wa bandarini uliofuata, ongeza na uhaba wa makontena wa mwaka ule. Bado gitaa lililokuwa njiani mwezi Machi lilipaswa kufika kabla ya kiangazi kuisha. Barua ya Juni ilipokuja na sababu mpya, na sababu yenyewe ikawa ya kiwandani, ilikuwa imejipinga na ile ya kwanza. Gitaa lililokuwa kwenye meli mwezi Aprili haliwezi kuwa bado halijaundwa mwezi Juni.

Barua ya chipu ndiyo iliyonifanya nikae wima. Uhaba huo uliumiza ala za kielektroniki. Tarehe 20 Oktoba 2020 kiwanda cha kampuni ya AKM kilichopo Nobeoka, Japani, kiliungua, na kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza chipu zinazobadili sauti kuwa data na data kuwa sauti. Watengenezaji wa vinanda vya kielektroniki, mixa na vifaa vya kurekodia walikwama. Wengine walilazimika kuchora upya saketi zao ili zikubali chipu za kampuni nyingine. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akisubiri kinanda cha kidijitali mwaka 2021 na akapata barua kama hiyo, ningemwambia aiamini. Lakini besi aliyoagiza huyu bwana haina hata betri. Ndani yake kuna sumaku, koili mbili za waya, poteshomita, kapasita moja na tundu la waya wa kwenda kwenye amplifaya. Chipu hakuna. Aliyeandika barua ile hakumuuliza mtu yeyote kuhusu gitaa hili. Alichukua maelezo yaliyoandikwa kwa wateja wa vinanda akayatuma kwa kila mwenye oda iliyochelewa.

Kipimo hiki kinafaa kwa ala yoyote. Sababu ya kweli hugusa kitu kilichomo kwenye ala yako. Kuanzia 2 Januari 2017, miti yote ya jamii ya Dalbergia, ambayo mbao zake hutumika sana kwenye ubao wa vidole wa magitaa, iliwekwa chini ya vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na hadi 26 Novemba 2019 magitaa yaliyokamilika yenye mbao hizo yalikuwa yakivuka mipaka kwa karatasi za ziada. Duka likikwambia mwaka 2018 kwamba gitaa limekwama kwenye vibali, unatazama ubao wa vidole ni wa mti gani. Kama ni wa Dalbergia, unatulia. Kama ni wa mepo, unauliza maswali.

Halafu kuna tarehe zenyewe: 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba. Zote ni siku za mwisho za robo mwaka. Meli haijui robo mwaka ni nini, wala fundi anayepiga rangi. Tarehe za namna hii mara nyingi huwa za kujazia, kwa sababu programu ya stoo inadai tarehe na aliye mbele yake hana ya kuandika. Mzigo unaojulikana uliko hupewa tarehe isiyo na mpangilio, kwa mfano wiki ya pili ya mwezi, na mara nyingi husogea kwa siku au wiki, si kwa miezi mitatu kamili.

Gitaa hutoka vipi kiwandani

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wanunuzi wengi hudhani kwamba oda yao inakwenda kiwandani na fundi anaanza kukata mbao. Kwa ala za bei ya kati haiko hivyo. Kiwanda hutengeneza kwa mikupuo. Modeli moja, rangi moja, mkono mmoja, idadi fulani; kisha mashine zinapangwa upya kwa modeli inayofuata. Modeli inayouzwa sana hurudi kwenye ratiba mara kwa mara. Ya mashoto, tena ya nyuzi tano, tena ya rangi isiyo ya kawaida, inaweza kupata mkupuo mmoja kwa mwaka, na mwaka mwingine isipate.

Mkupuo ukikamilika, magitaa hayaendi madukani moja kwa moja. Yanakwenda kwa msambazaji wa nchi au wa kanda, na msambazaji anayagawa kwa maduka kwa kufuata foleni ya hati zao za ununuzi. Duka lililoandika hati mapema linapata mgao mapema. Duka ambalo halijaandika hati halimo kwenye foleni, hata kama wateja wake kumi wameshalipa. Nalisisitiza hili kwa sababu ndiko kisa chote kilikogeuka. Tovuti nyingi huonyesha katalogi nzima ya msambazaji, na kitufe cha kununua kinafanya kazi iwe duka limeagiza kitu hicho au halijaagiza.

Kwa hiyo muda wa haki wa kusubiri unategemea ni hatua ipi imebaki. Kilichoko kwa msambazaji ni suala la siku. Kilichoko baharini ni wiki kadhaa, maana safari ndefu za meli za mizigo huchukua mwezi na zaidi, ukijumlisha na forodha. Kilichomo kwenye mkupuo uliopangwa lakini haujaanza ni miezi, labda minne, labda sita. Kilicho nje ya ratiba hakina muda, na yeyote anayekutajia tarehe anabahatisha. Ala za kuundwa kwa mkono ni habari nyingine kabisa. Anayeagiza basuni ya Heckel, ala ya kupulizwa, huko Ujerumani anajua tangu mwanzo kwamba anaingia foleni ya miaka, na piano kubwa ya Steinway huchukua karibu mwaka kuundwa. Hao hawajacheleweshewa, wamekubaliana hivyo, na wana mkataba unaosema nani anatengeneza nini.

Maswali aliyouliza

Nilimshauri asipige simu. Simu humpa mhudumu nafasi ya kusema "tutafuatilia" na mkaachana hapo. Aliandika barua fupi, isiyo na hasira, yenye maswali manne. Hati yenu ya ununuzi kwa msambazaji kwa ajili ya gitaa hili iliandikwa tarehe gani? Msambazaji ameithibitisha kwa maandishi? Kuna magitaa mangapi ya modeli hii kwenye mgao wenu ujao, na mimi ni wa ngapi? Rangi hii, kwa mkono wa kushoto, imo kwenye mkupuo uliokwisha kupangwa kiwandani?

Watu husita kuuliza hivi wakidhani ni siri za biashara. Si siri. Mfanyakazi wa duka anayejua kazi yake anaweza kujibu matatu kati ya hayo akiwa amekaa kwenye kiti chake, na la nne kwa barua pepe moja kwa msambazaji. Duka linaloshindwa kujibu hata la kwanza limekwisha kukujibu.

Hili lilijibu, na kwa heshima yake lilijibu ukweli. Hati ya ununuzi iliandikwa katikati ya Juni. Hakuna aliyemwambia miezi minne hiyo kwamba duka lilikuwa limeshika pesa yake bila kuagiza kitu. Maelezo yao yalikuwa kwamba msambazaji alikuwa na kiwango cha chini cha oda, na walisubiri maombi yafikie hapo. Msambazaji alikuwa amepokea hati bila kuthibitisha idadi. Mkupuo wa mwaka huo wa besi ya mashoto ya rangi ya bluu ulikuwa umekwisha kutengenezwa kabla ya Juni na kugawanywa kwa maduka mengine. Mkupuo unaofuata wa rangi hiyo haukuwa kwenye ratiba. Sentensi ya mwisho ya barua yao, iliyotupwa pale kama jambo dogo, ilisema kwamba nyeusi, modeli ileile na mkono uleule, ilikuwa njiani, ila mgao wa duka lao ulikuwa umeshauzwa wote.

Basi swali la Septemba likawa limejibika. Oda yake ilikuwa ya kitu ambacho hakikuwepo na hakikupangwa kuwepo. Ile 31 Desemba haikuwa na msingi wowote. Kama hati ingekuwa ya Februari, na bluu ingekuwa kwenye mkupuo wa Novemba, ningemwambia asubiri hata mpaka Machi na atafute njia nyingine ya kurekodi. Miezi saba aliyokwisha kukaa haikuingia kwenye hesabu yangu hata kidogo, ingawa yeye iliingia kwenye yake, na ilimuuma: "Nikighairi sasa, miezi saba yote imekwenda bure." Imekwenda kweli, iwe ataghairi au hataghairi. Kubaki kwenye foleni ambayo hukuwahi kuingizwa hakurudishi hata siku moja.

Tarehe yake mwenyewe

Kabla ya kughairi tulihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya studio. Besi mpya inayofika imefungwa kwenye boksi haiendi studio kesho yake. Shingo iliyosafiri baharini hujipinda kidogo. Inahitaji siku chache za kuzoea hewa ya ndani, kisha fundi akaze au alegeze kile chuma kilichopita ndani ya shingo, apime urefu wa nyuzi, arekebishe kila nyuzi ilie sawasawa mpaka freti za juu. Halafu kuna vidole. Nafasi kati ya nyuzi za besi ya tano ni finyu zaidi, na kidole gumba kilichozoea kupumzika juu ya E sasa kinaikuta B mahali pake. Mpigaji mzuri huzoea kwa wiki chache, lakini huzihitaji. Tukakubaliana kwamba besi ambayo haijafika mwishoni mwa Oktoba haina faida kwa studio ya Novemba, hata ikichelewa siku moja tu.

Tukapanga na njia ya pili ikiwa hakuna kitakachofika: ile besi ya zamani ya kupindua ifungwe seti ya nyuzi za B, E, A na D badala ya E, A, D na G. Anapoteza nyuzi nyembamba, anapata B. Fundi anapanua mifereji kwenye kile kipande cha mfupa, kwa sababu nyuzi ya B ina unene wa milimita 3 na zaidi na haikai kwenye mfereji wa E, kisha anarekebisha shingo. Ni kazi ya saa chache. Nyimbo zao hazikuwa na mambo mengi ya juu, kwa hiyo hata hiyo ingetosha. Nilishangaa kwamba katika miezi yote ya kusubiri wazo hilo halikumjia mtu yeyote kwenye kundi, lakini ndivyo ilivyo. Macho yakishakaa kwenye boksi linalokuja, lililopo ukutani halionekani.

Pesa

Alilipa yote mwanzoni kwa kadi, na hapo ana nguvu kuliko alivyodhani. Katika Umoja wa Ulaya, kama hamkukubaliana tarehe nyingine, muuzaji anatakiwa kufikisha bidhaa ndani ya siku 30; akichelewa unampa muda wa ziada unaofaa, na ukipita unaweza kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha. Marekani kanuni ya FTC, tume ya biashara ya serikali kuu, inamtaka muuzaji wa mtandaoni asafirishe kwa muda alioutangaza, na kama hakutangaza, ndani ya siku 30. Akichelewa lazima akujulishe na akupe nafasi ya kughairi. Kwa ucheleweshaji wa kwanza wa siku zisizozidi 30 ukimya wako unahesabiwa kuwa umekubali, lakini kwa ucheleweshaji mrefu zaidi au wa pili, anahitaji kibali chako cha wazi. Usipokitoa, anatakiwa kukurudishia fedha bila kuombwa. Popote ulipo, soma sheria inayohusika kabla ya kujibu barua ya "tunashukuru kwa uvumilivu wako" kwa neno "sawa". Neno hilo linaweza kuwa ndicho kibali.

Upo pia mlango wa benki. Kwa bidhaa isiyofika, kanuni za Visa kwa kawaida hutoa siku 120 kuanzia tarehe ambayo mteja alitarajia kuipokea, na zina kikomo cha siku 540 tangu muamala. Tarehe ikisogezwa, mteja hudhani siku zake nazo zinasogea zenyewe. Mimi nisingeitegemea hesabu hiyo. Mpigie mtoaji wa kadi, umuulize anahesabu kuanzia tarehe ipi, na uhifadhi kila barua yenye tarehe mpya. Katika kisa hiki, ukihesabu kutoka zile wiki nane za kwanza, siku 120 zilikuwa zimeshapita mwezi Agosti; ukihesabu kutoka 30 Septemba, zilikuwa hazijaanza. Hatukutaka kufika huko kubishana.

Duka lilimpa kwanza vocha ya kununulia kitu kingine hapohapo. Akakataa, na nadhani alifanya vizuri, kwa kuwa hakuna kitu kingine alichokihitaji kutoka kwao. Kisha wakataja ada ya kughairi, wakisema besi ya mashoto ni oda maalumu. Hapo ndipo nilipoingilia uandishi wa barua. Oda maalumu ni kitu kinachotengenezwa kwa vipimo vya mteja: rangi isiyomo kwenye katalogi, mbao alizochagua, jina lake kwenye shingo. Modeli ya mashoto yenye namba yake ya katalogi ni bidhaa ya kawaida kama nyingine yoyote, na kuwa adimu hakuigeuzi kuwa ya kipekee. Zaidi ya hapo, huwezi kudai gharama za oda ambayo kwa miezi minne hukuiandika. Barua iliweka tarehe mbili tu kando kwa kando, ya malipo na ya hati ya ununuzi. Ada ikafutwa siku iliyofuata, na fedha zikarudi zote kwenye kadi.

Ile nyeusi aliipata kwenye duka jingine, lililoweza kumtumia uthibitisho wa msambazaji wenye namba ya mgao na wiki ya kufika kabla hajalipa hata senti. Lilimwambia katikati ya Oktoba. Ilifika wiki moja baadaye kuliko walivyosema. Poteshomita zilikuwa za mkono wa kulia, kama nilivyohofia, na fundi akazibadilisha wakati anairekebisha shingo. Yeye bado anashikilia kwamba bluu ingependeza zaidi jukwaani, na kwamba angevumilia kidogo huenda kiwanda kingeipanga tena. Huenda. Ila oda hiyo, kama anaitaka, aiweke kwa muuzaji atakayemwonyesha hati yenye tarehe, na alipe sehemu ndogo tu mpaka mkupuo utajwe.